Kusamehe na Kudai: Ni Lini Aliyepatwa na Ajali ya Gari Aweke Wakili?

Ni nadra leo kuupata mtaa katika miji yetu ya pwani, tangu Vanga mpaka Lamu, usiokuwa na nyumba iliyoingiwa na msiba wa barabarani. Mmoja alipanda matatu asubuhi kwenda kazini asirudi. Wa pili alikuwa juu ya bodaboda, gari likamvunja mguu. Wa tatu ni mtoto aliyekuwa akivuka njia akitoka chuoni. Kwenda kuzika na kuwapa mkono wafiwa ni desturi tunayoishika vyema, walhamdulillahi. Lakini liko jambo linalokuja baada ya mazishi, na baada ya mgonjwa kutoka hospitali, ambalo wengi wetu hatulijui hukumu yake. Nalo ni haki ya aliyeumizwa, au ya warithi wa aliyekufa: idaiwe au iachwe? Na ikidaiwa, idaiwe kwa ulimi wa nani?

Nyumba iliyopatwa na msiba huu huingiwa na watu watatu. Wa kwanza ni mzee wa jamaa, naye husema: "Hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, tusameheni, wakili wetu ni Mungu." Wa pili ni mjumbe wa mwenye gari au wa kampuni ya bima, amekuja na bahasha mkono mmoja na karatasi ya kutiwa sahihi mkono wa pili. Wa tatu ni dalali, ambaye habari za ajali amezipata kabla hata ya ndugu wa aliyeumia, naye husema: "Nipeni karatasi zenu, mimi nina wakili wangu, mtapata mamilioni." Kila mmoja ana neno lake, na wenye msiba, kwa uchungu walio nao, humfuata yule aliyetangulia kufika. Haki za watu haziamuliwi hivi. Yatupasa tulipime kila neno katika mizani ya dini yetu, kisha katika mizani ya sheria ya nchi tunayokaa.

Twaanza na neno la yule mzee, kwa kuwa ndilo zito, na ndani yake mna kweli. Ajali ni kadari; asiyeamini hivyo imani yake ina kasoro. Lakini je, kadari huondoa dhamana? Tuitazame Sura ya An-Nisaa, aya ya 92. Hapo Mwenyezi Mungu amemtaja Muislamu aliyemuua Muislamu mwenzake kwa makosa, pasi na kukusudia. Mauaji hayo nayo ni kadari, hakuna ashukuye. Na juu ya hivyo Mwenyezi Mungu amefaradhisha kafara kwa aliyeua, na diya ikabidhiwe kwa watu wa maiti, ila wao wenyewe wakipenda kuiacha iwe sadaka. Lau kadari ingeliondoa haki, diya isingelifaradhishwa katika kosa lisilokusudiwa. Kwa hivyo kuamini kadari ni jambo moja, na kudai haki ni jambo jingine, na moyo wa Muislamu una nafasi ya yote mawili.

Sayyidna Umar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aligeuka akarudi na watu wake. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari ya Mungu. Na yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kwa kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge, kisha ndio ategemee. Basi mwenye kusema "wakili wangu ni Mungu", neno lake ni tukufu, na kila Muislamu yampasa alitamke kwa moyo wake. Lakini mguu wake ulipovunjika hakukaa nyumbani akasema "tabibu wangu ni Mungu", alikwenda hospitali. Na mke wake akibaki mjane na watoto wakafukuzwa katika nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hatapokea kodi kwa neno la kadari.

Wako wengine wanaoona kuweka wakili ni aibu, au ni jambo la Wazungu. Hili latokana na uchache wa kusoma. Mlango wa uwakala umo katika vitabu vyetu vya fikihi, na hata neno lenyewe "wakili" si la Kizungu. Wanavyuoni huutolea dalili kwa vijana wa pangoni, katika Sura ya Al-Kahf aya ya 19, waliomtuma mmoja wao na fedha yao aende mjini akawanunulie chakula. Na yuko Nabii Musa (A.S.), katika Sura ya Al-Qasas aya ya 34, aliyemuomba Mola wake ampe nduguye Haruni awe msaidizi wake kwa kuwa Haruni alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Ikiwa Mtume wa Mungu aliona haja ya mwenye ulimi fasaha mbele ya Firauni, vipi mjane asiyejua Kiingereza wala taratibu za korti ajisemee pekee mbele ya kampuni yenye mawakili wake? Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akimuweka nduguye Aqil kuwa wakili wake katika magomvi ya kuhukumiwa, na Aqil alipokuwa mzee akamuweka Abdullahi bin Jaafar, kwani aliona ugomvi una hatari zake na hakupenda kuuhudhuria. Ali huyu ndiye aliyesifika kwa elimu ya hukumu. Hakuwa na upungufu wa maneno. Alijua tu kwamba mwenye kuteta kwa nafsi yake huchukuliwa na hasira.

Na akisema mtu, "Kwa nini tusende kwa Kadhi, tuende kwa mahakimu wasiohukumu kwa sharia?" jawabu ni hili. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, mahakama ya Kadhi imepewa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Daawa ya ajali haimo. Basi mwenye kudhulumiwa hana mlango mwingine ila huo uliopo. Na Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria, kabla ya kupewa utume, mapatano ya Hilf al-Fudhul katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an, ambapo watu wa Makka waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Waliofanya mapatano yale hawakuwa Waislamu. Na baada ya Uislamu Mtume aliyasifu, akasema kwamba lau angeliitwa kwayo angeliitika. Haki ni haki, popote irudishwapo.

Ama kusamehe, hatusemi neno la kukupunguza. Msamaha ni katika daraja kubwa za watu wema. Lakini msamaha una sharti ambalo katika mabaraza yetu husahauliwa, nalo ni kuwa mwenye kusamehe awe ndiye mwenye haki. Mtu hatoi sadaka mali ya jirani yake. Na hapa ndipo dhulma kubwa ipitapo, nayo imevaa kanzu ya uchaji.

Tupige mfano kama wapigavyo wanavyuoni kwa Zaidi na Amri. Zaidi amegongwa na gari la Amri akafa. Baba yake alikwisha tangulia. Ameacha mke, na mama, na watoto watatu wadogo, mmoja wao mwanamume, na ndugu wawili. Siku ya tatu Amri amekuja na wazee wake, kahawa ikanywewa, watu wakalia pamoja, na Amri akatoa shilingi 50,000 za kusaidia mazishi. Wale ndugu wawili wakatia sahihi karatasi kwamba familia imesamehe wala haidai kitu. Watu wote wakasema: hawa ni waungwana.

Natuitazame karatasi ile kwa faradhi. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Mama ana sudusi, yaani fungu moja katika sita. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Na ndugu je? Ndugu wamezuiwa na mtoto mwanamume; hawana kitu. Basi waliosamehe ni wale wasiokuwa na hata ndururu moja katika haki ile! Na wenye haki, mama na mjane walikuwa ndani hawakuulizwa, na watoto walikuwa wakicheza uani. Na la ajabu ni kuwa sheria ya nchi katika jambo hili imekaribiana na yetu: Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, yampa haki ya kudai mke au mume wa aliyekufa, na wazazi wake, na watoto wake. Ndugu hawamo.

Mjane akipenda asamehe thumni yake, na mama sudusi yake, wakiwa na akili zao na hawakulazimishwa, wana thawabu. Ama fungu la mayatima halina wa kulisamehe. Walii wa yatima hana ruhusa kuikurubia mali yake ila kwa njia iliyo bora. Hayo yamo katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 152. Na mwenye kula mali ya mayatima kwa dhulma, Sura ya An-Nisaa aya ya 10 imeeleza kwamba anakula moto tumboni mwake. Aliyeitupa mali hiyo ili asifiwe uungwana hakuila yeye, lakini yatima ameikosa vilevile. Hata sheria ya Kenya, katika kanuni za kesi za madai za mwaka 2010, haimruhusu mlezi anayemsimamia mtoto kortini kufanya sulhu kwa niaba yake ila kwa idhini ya korti. Tujione haya kuwa korti ina uangalifu juu ya yatima wetu kuliko sisi.

Kwa hivyo hii ndiyo kaida ya kwanza, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu: haki ikiwa yako peke yako, una khiari ya kusamehe, kusuluhisha au kudai. Ikiwa ni ya mtoto, au ya aliyelala hospitali hajitambui, au ya maiti na warithi wake, huna khiari hiyo. Yakupasa uihifadhi, na kuihifadhi huwa hakuwezekani bila ya mjuzi wa sheria. Hapo kutafuta wakili kunatoka katika mlango wa ruhusa kunaingia katika mlango wa amana.

Na sasa tuyaangalie mambo moja moja, ili msomaji ajue pa kusimama.

Ikiwa kilichoharibika ni chuma, taa imevunjika au bango limebonyea, na hakuna aliyeumia, na aliyekosa amekiri, hapa sulhu ni bora. Mwenye kosa alipe gharama ya fundi, waandikiane, washikane mikono. Kumpeleka jirani yako kwa wakili kwa taa ya gari, ili umtoe zaidi ya ulichoharibikiwa, si katika murua. Na ikiwa hakukiri, na madai hayazidi shilingi 1,000,000, iko mahakama ya madai madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai ya mali iliyoharibiwa na ya majeraha pia. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na hukumu yatakiwa itoke katika muda wa siku 60.

Ikiwa umeumia jeraha dogo likapona lisiache athari, muulize mjuzi kwanza, kisha uamue. Si kila kuuliza ni kushitaki. Wako wanaoogopa hata kuingia katika afisi ya wakili wakidhani kwamba akishaingia amekwisha kwenda vitani. Sivyo. Mtu humwendea tabibu akaambiwa huna ugonjwa, akarudi kwake.

Ama ikiwa mtu amekufa. Au umevunjika, au umekatwa kiungo, au umepata maumivu ambayo tabibu hajui mwisho wake. Au aliyeumia ni mtoto. Au kila dereva asema mwenzake ndiye mwenye kosa. Au magari yaliyogongana ni mengi. Au kampuni ya bima imekataa au imenyamaza. Au gari ni la Serikali: katika haya yote usingoje. Na kabla ya yote, ukiletewa karatasi ya kutia sahihi kwamba umelipwa na huna dai jingine, usiitie sahihi mpaka umesomewa na mtu asiyetumwa na aliyeileta. Sahihi hiyo ndiyo mwisho wa daawa. Wazee wetu walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu ametia sahihi mwezi wa kwanza kwa shilingi kidogo, mwezi wa sita tabibu akamwambia mguu wataka kupasuliwa tena, na karatasi yake imekwisha mfunga.

Na wakati una hesabu yake, wala hauwangoji wenye huzuni. Katika Kenya daawa ya kuumizwa kwa uzembe yatakiwa ifunguliwe katika miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa Sheria ya Muda wa Kushitaki, Sura ya 22. Daawa ya wategemezi wa aliyekufa, miaka 3 tangu siku ya kifo. Na ikiwa anayeshitakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kisha kudai kwa niaba ya mali ya marehemu kwataka kwanza kibali cha usimamizi wa mirathi, nacho hakipatikani kwa siku moja. Hesabu ya eda ya mjane twaijua kwa siku, na hesabu hii hatuijui hata kwa miaka! Ngoja ngoja huumiza matumbo; na katika jambo hili huwaumiza matumbo watoto wa marehemu.

Liko kosa jingine. Watu wakisikia dereva amepelekwa kortini na polisi hudhani haki yao imo njiani inakuja. Kesi ile ni ya Serikali na dereva. Faini akiitoa huingia katika hazina ya Serikali, haiingii kwa mjane. Fidia ina kesi yake mbali, na mwenye haki ndiye wa kuifungua. Kadhalika Sheria ya Bima ya Magari kwa Watu wa Tatu, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya wale atakaowaumiza, lakini inataka kampuni ipewe taarifa ya kesi kwa wakati wake. Ikikosekana taarifa, kampuni hupata njia ya kukataa kulipa. Na bima hiyo hailazimiki kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi 3,000,000. Ziada ni juu ya mwenye gari. Haya ni mambo ambayo mtu hayatambui kwa akili tu wala kwa ucha Mungu, ila kwa kuuliza wayajuao.

Lakini kabla ya wakili yako ya kufanywa na kila mmoja, nayo hayataki ada. Aripoti kwa polisi, aandikiwe katika kitabu cha matukio, achukue abstrakti. Apate fomu ya P3 ijazwe na tabibu. Aandike namba ya gari, na jina la dereva, na majina na simu za walioshuhudia. Aweke kila risiti ya dawa na ya nauli. Mwenye kuisoma aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, ataona jinsi Mwenyezi Mungu alivyotuamrisha kuandika na kushuhudisha katika mambo ya madeni, dogo na kubwa. Umma ulioamrishwa kuandika haufai kwenda kortini mikono mitupu ukasema "Mungu ajua". Mungu ajua, hakimu hajui ila aonyeshwe.

Sasa twamgeukia yule dalali na wakili wake. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, katika kifungu cha 46, imebatilisha mapatano ambayo wakili hulipwa akishinda tu asilipwe akishindwa. Na wanavyuoni wetu nao wametaka ujira uwe maalumu, usiwe wa kubahatisha. Basi mtu akikwambia, "Usilipe kitu, tukishinda nitachukua nusu", amekwisha kuonyesha hali yake. Tafuta wakili wewe mwenyewe, hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huo, mwandikiane ada yake na gharama za korti, na muandike pesa zikilipwa zitapita wapi na utazipata lini. Akizizuia bila ya haki, iko Tume ya Malalamiko ya Mawakili iliyowekwa kwa sheria hiyohiyo. Kuandikiana si kumdhania mtu vibaya. Ni kuuhifadhi udugu usiharibike.

Na jambo lililo kubwa kuliko ada ni ukweli. Wakili ni ulimi wako. Aliyosema kwa amri yako umeyasema wewe. Wako watu ambao hawakuwamo ndani ya matatu iliyoanguka, na majina yao yakatokea katika orodha ya majeruhi. Wako waliochubuka ngozi, na karatasi zao zikasema wamevunjika mfupa. Wako madereva jamaa zetu wanaokiri kosa ambalo hawakulifanya, ili bima imlipe binamu aliyekuwa naye garini, na husema: "Pesa ni za kampuni, si za mtu." Huu ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa, awe aliyedhulumiwa ni kampuni au ni mtu. Sura ya Al-Baqara aya ya 188 imekataza kula mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili kula sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametuambia kwamba yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wa wagombanao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa kwa hayo aliyoyasema, basi aliyepewa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikuihalalisha haramu, je hukumu ya hakimu wa Mombasa au Malindi itaihalalisha? Na mawakili Waislamu wasome aya ya 105 ya An-Nisaa, ambayo ndani yake Mtume amekatazwa kuwa mtetezi wa wahaini, kisha waangalie makabati yao ya majalada.

Wengine huuliza: bima yenyewe wanavyuoni wengi wameiharimisha, na Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jeddah mwaka 1985 liliikataa bima ya biashara na kuikubali ya ushirikiano. Je, ni halali kupokea fidia yake? Twaonelea hivi: aliyeumizwa hakununua bima wala hakufanya mkataba na kampuni. Haki yake iko juu ya aliyemuumiza, na sheria ndiyo iliyoipeleka kwa mlipaji huyo. Hilo la mkataba ni baina ya mwenye gari na kampuni yake.

Ama wewe uliyegonga, usidhani haya hayakuhusu. Haikufai kumuweka wakili akawa kazi yake ni kuahirisha kesi mpaka mjane achoke. Ukijua kosa ni lako, sema ni langu, na mwambie wakili wako ajadili kiasi, asikanushe ukweli. Na kama mtu amekufa kwa kosa lako, kumbuka kwamba kampuni ya bima italipa fedha, lakini kafara haiwezi kukulipia. Kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, iliyobaki ni saumu ya miezi miwili mfululizo, nayo ni juu ya shingo yako. Nani katika madereva wetu amepata kuikumbushwa? Na nenda kwa wafiwa ukawape mkono, hata ikiwa kesi iko kortini. Kesi haikukukataza kuwa muungwana.

Na ikiwa mwenye kosa ni jamaa yako au jirani, mwendee kabla ya barua ya wakili kumfikia. Mwambie: "Ndugu yangu, mimi sina kinyongo nawe, lakini haki hii ni ya watoto, nami nimewekwa kuwa mlezi wao." Mwenye akili atafahamu. Na sulhu haifungwi mlango kwa kuwa kuna wakili. Kesi nyingi humalizika kwa mapatano kabla ya hukumu. Mtume (S.A.W.) ameijuzisha sulhu baina ya Waislamu, ila ile inayohalalisha haramu au inayoharimisha halali. Basi sulhu iliyofanywa na wenye haki, baada ya kujua thamani ya haki yao, ni kheri. Ama inayofanywa na wasiohusika, kwa haraka, kabla ya kaburi kukauka, hiyo ni kuuza mali ya mwingine.

Mwisho, fidia ikilipwa, jaribio lingine huanza. Iliyotolewa kwa ajili ya mali ya marehemu ni mirathi: itoke madeni yake na wasia wake, kisha igawanywe kwa faradhi. Iliyopangiwa mtoto na korti ni ya mtoto; si ya kununulia ami yake pikipiki, wala si ya kulipia arusi ya mtu. Iwekwe, iandikwe, na atakapobaleghe akawa na rushdi akabidhiwe mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa. Imepata kuonekana haki ya yatima ikipiganiwa kortini miaka mingi, ikaokolewa mikononi mwa wageni, kisha ikaliwa mikononi mwa jamaa.

Basi, ndugu zangu, akija tena mzee katika nyumba yenye msiba akasema tusamehe, asipingwe kwa ukali, kwani ametaka kheri. Aulizwe kwa adabu swali moja: "Baba, haki hii ni ya nani?" Jawabu la swali hilo ndilo litakalowajulisha kama ni wakati wa kusamehe, au wa kusuluhisha, au wa kuweka wakili.

Mwenyezi Mungu atulinde na misiba ya njiani, awarehemu waliotangulia, awaponye waliojeruhiwa, na atujaalie kuwa waaminifu kwa mayatima wetu. Amin.